Msusi Aliyeshindwa Kuigiza Mwananchi wa Kawaida

Watu walimwita Kitana, kwa kuwa kitana hakikumtoka kichwani. Alikichomeka juu ya sikio asubuhi, akakisahau, akaenda nacho hadi msibani. Miaka kumi na tisa alikuwa akisuka katika saluni ya chumba kimoja, viti vitatu na draya mbili, moja mbovu, pamoja na dada yake mkubwa, mwanamke wa mikono mizito na mdomo mwepesi. Wote wawili walikohoa. Walikohoa kwa kupokezana, kama majogoo wa nyumba mbili jirani, na wateja walishazoea.

Kikohozi hicho ndicho kilichowaleta watafiti. Walifika Jumatatu asubuhi na gari jeupe, wakatundika ukutani, karibu na dari, kisanduku cha kupimia hewa, wakamsomea Kitana dodoso la kurasa kumi na sita. “Je, unaridhishwa na ubora wa hewa katika mazingira yako ya kazi?” Kitana akauliza wana maana gani. Msomaji akalirudia swali lilelile, polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita aliye ng’ambo ya mto. Kitana akajibu ndiyo, ili waondoke. Jioni wakachukua kisanduku chao, na mwaka mzima hakuna aliyerudi hata kusema ahsante.

Kisha ikaja barua. Wafadhili wa ile taasisi ya utafiti walikuwa wametoa amri: kuanzia sasa, hakuna utafiti bila kuwashirikisha wananchi. Watafiti hawakujua mwananchi anashirikishwaje, kwa hiyo ikaandaliwa warsha ya siku mbili ya kuwafundisha. Na kwa kuwa kufundisha jambo hilo bila mwananchi hata mmoja chumbani kungetia aibu, walipekua orodha zao za zamani wakamwona yeye.

“Wanasema mimi ni mdau,” Kitana alimwambia dada yake.

“Mdau ndiyo nini?”

“Mtu anayehusika.”

“Ungekuwa unahusika wangekuuliza siku inayokufaa. Ijumaa na Jumamosi! Vichwa vya watu atasuka nani, mfadhili?”

Kitana alikwenda hivyo hivyo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na yeye alikuwa na lake la kusema. Alivaa gauni la kijani alilokuwa akiliwekea harusi ya mtoto wa shangazi.

Ukumbini alivishwa kitambulisho shingoni. Wenzake kumi na mmoja walikuwa na majina na vyeo kwenye vyao. Chake kiliandikwa MWANANCHI. Alikaa karibu na mtu wa takwimu, bwana mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye peke yake alimsogezea kiti. Mkufunzi, bibie mwenye kalamu za rangi saba, alisema kwa saa nzima kwamba mwananchi ni hazina, mwananchi ni mshirika, mwananchi asikilizwe. Muda wote huo hazina yenyewe ilinyoosha mkono mara mbili, haikuonwa.

Baadaye likaja igizo. Daktari mmoja mnene, mtaalamu wa mapafu, angekuwa mtafiti. Kitana angekuwa mwananchi.

“Habari za leo, mama,” daktari alianza. “Tunaomba ushiriki katika utafiti wetu.”

“Nzuri. Utafiti wa nini? Nani anautaka? Na nikikataa itakuwaje?”

Daktari alifungua karatasi zake, akageuza moja, akageuza nyingine. Jasho likamtoka. Mkufunzi akaingilia kati kwa upole mwingi.

“Dada, umejitahidi sana. Ila tunataka mwananchi wa kawaida. Mwananchi wa kawaida ana hofu, ana imani potofu.”

“Hofu ya nini?”

“Sindano, kwa mfano.”

“Mbona hawa walikuja na kisanduku tu?”

Ikaamuliwa wabadilishane. Daktari akaazima mtandio wa Kitana, akajitanda, akapinda mgongo, akatetemesha sauti: “Jamani wanangu, si mnataka kuninyonya damu nyie?” Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mkufunzi akaandika kwenye bango, kwa kalamu nyekundu, UHALISIA. Naye Kitana, aliyezaliwa mwananchi na hajawahi kuwa kitu kingine, akapewa kadi ya MTAZAMAJI na kuombwa akae nyuma.

Alikaa. Alikuwa amekwisha kusuka wake za wakubwa wanaosemeshana kwenye simu kana kwamba msusi ni kiti. Tusi la siku moja halikumvunja. Lakini mtandio wake alikwenda kuuchukua mwenyewe kichwani kwa daktari.

Baada ya chai zikaonyeshwa picha ukutani, mfano wa utafiti uliofanikiwa. Kitana akaiona saluni yake. Chini yake paliandikwa: hewa ya saluni ni salama, kikohozi cha wasusi hakitokani na kazi yao. Safari hii hakunyoosha mkono. Alisimama.

“Mlipima Jumatatu.”

Daktari akatabasamu. “Kisayansi, mama, siku ni siku.”

“Kwangu si hivyo. Jumatatu tunafua taulo. Hakuna kichwa hata kimoja. Dawa ya kulainisha nywele inapakwa Jumamosi, vichwa ishirini, draya inaunguruma, mlango tumeufunga kwa vumbi la barabarani. Nyie mlipima hewa ya sabuni. Kwa nini Jumatatu?”

Watu wakatazamana. Aliyejibu ni yule mtu wa takwimu, akiangalia meza. “Gari linapatikana Jumatatu.”

Mkufunzi akashukuru kwa mchango huo muhimu, akauandika kwenye kikaratasi cha njano, akaubandika pembeni, chini ya kichwa MAWAZO YA BAADAYE. Kulikuwa na vikaratasi vingi hapo, na vyote vilikuwa vya baadaye.

Kitana akavua kitambulisho, akakiweka mezani. “Kesho ni Jumamosi. Mimi siji. Anayemtaka mwananchi atanikuta kazini.”

Usidhani walimfuata kwa kuguswa. Kesho yake mjumbe wa wafadhili alikuwa anakuja kukagua warsha, na mwananchi pekee alikuwa ametoroka. Mkufunzi akawaza, kisha akatangaza kwamba siku ya pili, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, ingefanyika saluni.

Walipofika, kumi na mmoja na mkufunzi wao na mjumbe, dada mkubwa hakuwakaribisha viti, maana vyote vitatu vilikuwa na wateja. “Anayesimama bure anazuia njia,” alisema. Profesa mmoja akapewa ufagio. Mkufunzi akashika kopo la dawa. Daktari wa mapafu akawekwa penye sinki, ashikilie kichwa cha mwalimu mmoja wa shule huku dawa ikioshwa. Ilipofika saa tano vichwa vilikuwa tisa, na hewa ilikuwa inachoma macho. Daktari akaanza kukohoa. Akakohoa hadi akashika ukuta.

“Pole, baba,” mteja alimwambia. “Labda ni imani potofu,” dada akaongeza, kwani alishasimuliwa yote.

Mtu wa takwimu alikuwa amekuja na kile kisanduku cha kupimia hewa mkobani bila kumwambia mtu. Alikiweka juu ya draya mbovu, akakisoma, akasafisha miwani, akakisoma tena. Akampelekea mjumbe wa wafadhili, aliyekuwa mlangoni akitafuta hewa. Mjumbe alitazama namba, akamtazama Kitana, akauliza swali la kwanza la maana tangu Ijumaa: “Wewe ungepima vipi?”

Kitana alimweleza huku akisuka, bila kugeuka. Kisanduku kikae usawa wa pua ya msusi, kisitundikwe karibu na dari. Kipime Jumamosi, na mkesha wa sikukuu. Na wasiwaulize wasusi kama wanaridhika. Wawaulize wanaamka kukohoa mara ngapi.

Utafiti ukarudiwa hivyo, saluni arobaini. Matokeo yakageuka juu chini. Manispaa ikalazimisha kila saluni iwe na feni ya kutolea hewa nje, na kikohozi cha Kitana kikapungua, ingawa hakikwisha. Kwenye ripoti kulikuwa na picha yake akimwelekeza profesa namna ya kushika ufagio. Maelezo ya picha yalisema: “Mwananchi akipatiwa elimu ya utafiti.”

Sasa yumo kwenye kamati inayosoma maswali kabla hayajapelekwa kwa watu. Hukutana kila mwezi, siku ya Jumatano, kwa sababu aliwaambia Jumatano. Daktari huwa hamwangalii usoni, lakini rasimu zake humletea yeye kwanza.