Maji ya Siku ya Idd

Katikati ya miaka ya sabini kazi yangu ilikuwa kupima maji kwenye mikoko ya Mlingotini. Kila siku maji yakijaa nilisoma kina kwenye mti uliochorwa sentimita, nikaandika kwenye fomu. Fomu zilikwenda Dar es Salaam kwa mtaalamu aliyeniajiri, naye akailisha kompyuta namba zake. Alitaka kuuigiza msitu mzima kwa hesabu: maji yanavyoingia, majani yanavyooza, kamba wanavyopata chakula. Mimi kompyuta sikuwahi kuiona. Elimu yangu ilikuwa vitabu vya kuazima, na nilichokiogopa kuliko vyote ni nafasi tupu kwenye fomu. Niliiona kama tundu kwenye kanzu.

Idd el-Fitr moja nilikwenda kwa mama, Kiwangwa, nikakaa siku tatu. Niliporudi nilijaza nafasi zile tatu kwa namba za wiki iliyotangulia, Jumatano kwa Jumatano, kwa mwandiko safi.

Nilikuwa nikikaa kwa shangazi, na kila fomu nilimsomea kwa sauti ili nisikie makosa. Yeye huendelea kukuna nazi yake.

"Siku ya Idd, sentimita arobaini."

Akaacha kukuna. "Arobaini ya wapi, mwanangu? Mwezi umeandama, hiyo si bamvua, maji makubwa kabisa? Siku ile maji yalifika banda la kuku."

"Labda ule mti umeinama."

"Mti umeusingizia. Msomi wetu hajui Idd huja na bamvua. Kaa wanajua."

Nilicheka naye, kisha nikahesabu siku. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama maji huwa mafu, hayafiki mbali. Fomu yangu ilikuwa ikiiambia kompyuta kwamba mikoko ilikauka siku ileile ilipozama.

Kesho yake nilipanda basi nikamweleza mtaalamu. Nilingoja anifukuze.

"Na nyingine ulizobuni?" aliuliza.

Hilo sikulitarajia. Akatoa fomu za miezi yote, nikamwonyesha siku ya homa, kisha siku ya mvua kubwa niliyoogopa radi nikabaki ndani. Akazikata kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo ya mvua ndiyo niliyokuwa nikiitaka," alisema taratibu. "Sasa tutasubiri nyingine."

Masika yalipoingia, shangazi alinikuta mlangoni nimejifunika gunia.

"Na radi je?"

"Ipo," nikasema, nikatoka.