Simu Niliyoifundisha Shikamoo

Hii habari nilishaapa kufa nayo, lakini kwa kuwa kuna mtu pale kijijini kwetu Didia ameanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe, mnicheke mkiwa na ukweli mkononi.

Mimi kazi yangu ni kompyuta, niko Geita, mama yangu yuko Didia na presha yake na macho yaliyoingia ukungu, na kila nikimpigia kumkumbusha dawa ananijibu "nitakunywa, mwanangu", basi nikaamua kumtengenezea programu kwenye simu ya kupangusa, ya kumfaa mtu asiyeona vizuri, asiyesoma, na ambaye vidole vyake vimekomazwa na jembe mpaka kioo cha simu hakivitambui (alibonyeza, alibonyeza, mwisho akaitukana). Nikasema mambo yote yawe kwa sauti: simu imkumbushe, mama ajibu "nimekunywa", na mimi huku Geita nione alama ya kijani.

Mama akagoma. "Yaani hicho kidude kiniamrishe bila hata kunisalimia? Halafu nikiripotie? Mimi ni mtoto?"

Hapo ndipo nikajiona nina akili. Nikarekodi sauti yangu mwenyewe: "Shikamoo mama." Nikaacha kimya kidogo, cha heshima. Kisha: "Ni saa ya dawa ya presha. Ukishameza, sema marahaba." Neno moja tu, ambalo mama hajawahi kushindwa kulisema. Nikaijaribu chumbani kwangu, nikiisubiri kwa utulivu mpaka imalize, ikafanya kazi vizuri mno. Nikampelekea, nikamwambia, "Ikikusalimia, we itikia tu," nikapanda basi kurudi Geita.

Jamani, kijani! Kila asubuhi kijani, mpaka nikaacha kumpigia (nimpigie ya nini na ripoti ninayo?). Kazini nikawa naionyesha kila anayepita, najiona kama mchimbaji ambaye duara lake, lile shimo la machimboni, limetema dhahabu. Ndipo nikajipeleka, bila kuombwa na mtu, kwa nesi wa zahanati ya kule kwetu, anipe nafasi siku ya kliniki ya presha niwaonyeshe wagonjwa wengine.

Siku hiyo nimevaa koti la ofisini katika lile joto, mama kaketi mbele, wazee wamejaa kwenye mabenchi. Nikainua simu yake juu, sauti nimeifungulia mpaka mwisho.

"Shikamoo mama," ikasema.

"Marahabaaa!" wakaitika wote, wanaume kwa wanawake, mama akiwa wa kwanza.

"Asante mama. Siku njema," ikasema simu, ikanyamaza, alama ya kijani ikawaka.

Wakapiga makofi, na mimi nikainama kidogo kupokea. Nesi peke yake hakupiga. Akauliza, "Kabula, sasa hiyo dawa kaimeza nani?"

Kicheko kilichofuata sikitamani tena maishani. Nilitaka kueleza mambo ya kitaalamu, nikaacha, maana nani katika nchi hii anasubiri shikamoo imalize hotuba ndipo aitikie? Mama hakuwahi kufika kwenye neno dawa hata siku moja.

Nesi akamfunga mama kipimo cha presha, akakisoma, akarudia kupima, akaacha kutabasamu. "Mama Kabula, njoo ulale hapa kwanza." Mimi nikaogopa, niseme ukweli.

Nikamfuata kitandani. "Mama, si nilikuambia ni ile programu ya dawa?"

"Mimi nilijua kile kidude ulishakiacha, unanipigia mwenyewe," akasema. "Si sauti yako? Kila asubuhi unanisalimia, nakuitikia, nikikuuliza za Geita unasema asante, unakata. Nikasema mwanangu ana kazi nyingi."

Bibi mmoja pale benchini akadakia, "Shukuru, mayu, mama mwenzangu, wako hata anasalimia."

Presha ilishuka jioni, akarudi nyumbani. Programu nimeirekebisha, lakini nimekula kiapo kwamba mama yangu haamkiwi tena na mashine. Napiga mwenyewe. Namwamkia, anaitikia, ananiuliza za Geita na namjibu zote mpaka bei ya vitunguu, kisha namwambia ameze nikiwa hewani, na sikati mpaka nisikie kikombe kimerudi mezani.