Simu ya Stoo Ililia Mara Moja

Kosa ni langu. Naanza hapo hapo, maana najijua. Ukinipa nafasi nitalaumu stima, nitalaumu laini za simu, nitamlaumu hata bosi. Wote hao hawana hatia. Ni mimi, kwa kidole changu mwenyewe.

Jina sitataja. Wanaonijua watanijua tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya jumla kule Baba Dogo, Nairobi. Tunauzia maduka ya mitaani sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Naishi Umoja. Kazini wananiita Bwana Kompyuta, na siwezi kukudanganya, jina hilo nililipenda kupita kiasi. Kichwa kilikuwa kimevimba!

Kampuni ina seva moja, ile kompyuta kubwa ambayo zingine zote zinaitegemea. Stima ikipotea na kurudi, seva inaganda. Ikiganda, hakuna lori linalotoka getini, kwa sababu hakuna anayejua limebeba mzigo wa nani. Basi naitwa. Niko kanisani, naitwa. Niko kwa kinyozi, nimenyolewa nusu ya kichwa, naitwa! Bosi anampigia simu Mama Wambui, mwenye ploti tunayopanga, naye anapaza sauti dirishani mpaka majirani wote wanajua nimetakiwa. Nakimbia hadi Baba Dogo, nabonyeza kitufe kimoja, narudi nyumbani.

Ndipo bosi akaagiza kadi kutoka ng'ambo. Kadi hiyo unaichomeka ndani ya seva, na ina betri yake na modem yake ya simu. Seva ikiganda, kadi iko macho. Unaipigia kwa kompyuta nyingine ukiwa mbali, inapokea, unaona kioo cha seva kana kwamba umekaa mbele yake, unaizima na kuiwasha. Nilipoishika mkononi nilijiambia, haya, shida zangu zimekwisha.

Ilibaki laini ya simu. Kuomba laini mpya wakati huo ni kungoja mpaka uote mvi. Nikaangaza macho, nikaona simu ya stoo. Simu nyeusi, kuukuu, imepigiliwa ukutani karibu na mahali malori yanapopakiwa, imetiwa kufuli ili mtu asipige nje. Ofisini hakuna aliyeitumia. Mimi nikaona ni mali ya bure.

Mali ya bure! Na nilijua fika simu ile ilikuwa ya nini. Mtu wa mitaa yetu ya Eastlands kwake hana simu, na jirani hana, kwa hiyo watu wa nyumbani anawapa namba ya kazini. Mama akiugua, mtoto akizaliwa, mtu anatembea mpaka misheni au posta ya sokoni, anapiga. Madereva na wapakiaji wote walikuwa wametoa namba ya stoo. Hata mama yangu alikuwa nayo kabla sijahamia kwa Mama Wambui. Aliyepokea ni Halima, karani wa stoo, mama wa Eastleigh mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa ng'ambo ya barabara.

Halima aliniona nikihangaika na waya.

"Bwana Kompyuta, hiyo simu waipeleka wapi?"

"Siipeleki popote, dada. Nagawanya laini tu. Wewe unabaki na simu yako, na kadi yangu inapata njia."

"Watu wa mashambani wanapiga hapo, kaka."

"Si watapiga tu!"

Sasa sikiliza. Kadi ile unapoiandaa inakuuliza maswali mengi. Neno la siri, saa, majina ya watu wa kuingia. Kisha kuna swali moja dogo: simu ikiita, ingoje milio mingapi kabla ya kupokea? Ilikuja imewekwa minane. Milio minane inamtosha Halima kutoka nyuma ya magunia, kujipangusa mikono na kushika simu. Lakini bosi alitaka kuonyeshwa Ijumaa, na bosi wetu si mtu wa kungoja. Nikafuta minane, nikaandika mmoja.

"Mlio mmoja siuwahi, hata nikiota mbawa," Halima akasema.

"Nitairudisha bosi akishaona."

Nilimwahidi kwa kinywa hiki hiki.

Bosi aliona. Alikaa kwenye kiti chake juu ofisini, mimi nikapiga, kadi ikapokea papo hapo, seva ikazimika na kuwaka bila mtu kuigusa. Akanipiga bega. "Kijana, wewe ni moto!" Akanipa na kompyuta ya kubeba niende nayo nyumbani. Kurudisha ile minane? Nilisema nitafanya Jumatatu. Jumatatu nikasema kesho. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na ndiyo maana sikuifanya.

Nikuambie sasa kuhusu Mutua. Mutua alikuwa dereva wa lori hapo kazini, na Umoja tulipakana ukuta. Tulikuwa tukiazimana chumvi na kutaniana kama ndugu. Sote ni Wakamba, yeye wa upande wa Mwingi. Baba yake alikuwa mgonjwa kitandani siku nyingi. Mutua alitaka kwenda, lakini ruhusa ya kazini ni moja tu kwa mwaka, na mdogo wake Kioko alikuwa amemwambia, "Usije bado. Hali ikibadilika nitapiga stoo, uje mara moja."

Kwetu, mzee akijua safari yake imefika, humwita kifungua mimba wake. Anachukua maji kinywani, anamtemea kifuani, anamwachia maneno yake. Mtu akikosa hayo, ukoo mzima unajua amekosa. Mutua ndiye kifungua mimba. Mimi nilijua haya yote! Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Jumapili baada ya ile Ijumaa ya bosi, mchana, nilibeba kompyuta mpaka sebuleni kwa Mama Wambui, naye akanifungulia kufuli ya simu yake. Nilimwita Mutua aje aone maajabu. Nikapiga Baba Dogo. Kadi ikapokea na ile kelele yake, unaijua, ya kukwaruza na kupiga mluzi.

"Hiyo kelele ni ya nini, mse?" Mutua akauliza.

"Ni mashine zinasalimiana."

"Aai! Na ni ile simu yetu ya stoo?"

"Ile ile."

"Kompyuta, uko na kichwa, beste! Haki ya Mungu uko na kichwa." Akacheka mpaka Mama Wambui naye akacheka. Kumbe nilikuwa namfundisha.

Wiki ikaanza. Kila jioni tulikutana bombani, yeye na mtungi wake, mimi na wangu.

"Niaje, Mutua. Mzee je?"

"Hakuna simu. Si kimya ni habari njema? Basi yuko sawa."

"Yuko sawa," nami nikamjibu. Nilimjibu hivyo siku zote za wiki ile.

Halima alinijia kazini mara mbili. Mara ya kwanza alisema simu inalia mara moja, inanyamaza. Mara ya pili alikuja na hasira. "Imelia tena asubuhi hii, mlio mmoja, kimya. Ni wewe?"

Sikuwa mimi. Nilikuwa nakunywa chai. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno yake, nikamjibu, "Ni mimi najaribu laini." Uongo mtupu! Na nilipomwambia hivyo, aliacha kuhangaika, akarudi kwenye magunia yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kioko alikuja mwenyewe. Nilimwona getini, viatu vimejaa vumbi, amesimama na askari wa geti. Mutua alikuwa juu ya lori akifunga turubai. Aliposhuka na kuona ni mdogo wake, alikaa chini palepale kabla hajaambiwa neno.

"Tumezika?" akauliza.

"Bado. Lakini ameenda. Alikuwa anakuuliza kila asubuhi. 'Mutua amefika?' Mwisho alishindwa kungoja, akanitemea mimi."

"Na kwa nini hukupiga?"

"Nilipiga! Nimeenda misheni mara ngapi? Simu inashikwa, halafu hakuna mtu anaongea. Kelele tu. Nikapiga tena, inashikwa, kelele tu. Sista akaniambia huko kwenu wamekataa."

Wapakiaji wote walikuwa wamekusanyika. Mutua aliinuka akamgeukia Halima.

"Mama Halima. Unashika simu ya mtu ana mgonjwa, unanyamaza?"

"Wallahi sikushika! Haingoji nishike. Muulize huyu." Akaninyooshea kidole. "Mwambie, kaka. Waambie ulichofanya."

Watu wote wakanitazama. Ndugu yangu, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema, "Mimi nashughulika na kompyuta. Simu ni ya stoo."

Ndivyo nilivyosema! Na sauti ilikuwa tulivu, wala haikutetemeka.

Halima alijifunika uso kwa mtandio wake akalia, mtu mzima, mbele ya vijana wale. Mmoja wao akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mutua alitema mate chini, akaondoka na mdogo wake.

Na mimi nilifanya nini? Niliingia kwenye chumba cha seva, nikafuta mmoja, nikaandika minane. Ilichukua dakika moja, kama nilivyojua. Kisha nikaketi nikiogopa mtu asije akanikuta hapo.

Halima aliacha kazi kabla ya mwezi kuisha. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna dereva aliyemsalimia.

Kwenye mazishi nilienda. Nilibeba jeneza! Mama yake Mutua alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuwa ndugu wa mwanawe huko Nairobi, akanipakulia chakula mwenyewe. Nilikula.

Baada ya hapo Mutua hakuwa yule tena. Mke wake alipoharibikiwa na mimba, alisema ni kwa sababu baba hakumtemea. Lori lilipopinduka, alisema ni hilo hilo. Nilimwambia ni mambo ya barabara, akaniangalia tu. Bombani akawa anajaza mtungi wake na kuondoka. Mwisho wakahama, wakaenda Lucky Summer, na hakuja kuniaga. Nilidhani ni huzuni.

Nilibeba siri hiyo mpaka ikanishinda. Usingizi ulikwisha, mke wangu akaanza kuniuliza kama nina mwanamke nje. Jumapili moja nikasema liwalo na liwe, nikaenda Lucky Summer.

Nilimkuta Mutua uani anaosha gumboti zake za mpira. Hakunikaribisha kiti, hata kigoda. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamweleza kadi, milio minane, mlio mmoja, maneno ya Halima, yote. Alikuwa anasugua tu gumboti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Tulipokuwa tunachimba kaburi, Kioko alinifanyia hiyo kelele kwa mdomo. Ile ya kukwaruza. Nikajua saa ile ile. Si ulinionyesha mwenyewe kwa Mama Wambui?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ilikuwa yako kusema. Nilikungoja. Ulibeba jeneza, nikasema atasema leo. Nakuona bombani, nasema leo. Tulikuwa ukuta mmoja, bwana! Nikaona nikizidi kukungoja nitakuchukia, nikahama."

"Nisamehe, Mutua."

"Ya simu nilishakusamehe kabla matanga hayajaisha. Nani alijua? Lakini yule mama alilia mbele yako, na mimi ndiye nilimwaibisha mbele ya watu kwa sababu yako. Nilienda kwake mimi na mke wangu, tukamwomba msamaha. Akauliza kama umekuja na sisi."

Niligeuka kuondoka.

"Ukitoka funga geti," akaniambia. "Kuna mbuzi."

Halima nilimtafuta Eastleigh. Nilikuta watu wengine kwenye nyumba ile. Mmoja alisema wamehamia Garissa, mwingine akasema Mombasa. Nimeuliza tena na tena, na sasa watu wa mtaa ule wameanza kunitilia shaka.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo ilikuwa ya Mutua, mdudu mimi. Wewe fundi, wewe unayepewa kitu kipya ukajiona umeishika dunia, kabla hujagusa waya wa watu, uliza nani anaungojea. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo! Sema ukiwa na aibu, sema mdomo ukitetemeka, lakini sema wangali wanakungoja. Mimi nilienda wakati wamekwisha kuchoka.

Bado nafanya kazi palepale. Kadi ni nzima, na bosi anaisifu kwa wageni. Nimeiwekea milio ishirini, na siku hizi niko tayari kukimbia mwenyewe kuipokea simu ya stoo ikilia. Lakini hailii. Madereva waliwaambia watu wao wasipige tena namba ile.