Token Niliyotuma kwa Grupu ya Ploti

Binti yangu aliweka kompyuta yake kwangu Kawangware kwa sababu stima ya huku haipotei sana kama ya kwake Laini Saba, Kibera. Ndani yake alikuwa na daftari la kuandikia programu, la kufunguliwa kama ukurasa wa mtandao. Humo alipanga maneno ya kina mama wa Kibera waliomweleza jinsi msimamizi wa vyumba vyao anavyowasumbua. Aliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka.

Mwanzoni kompyuta ile haikumjibu mtu mwingine. Akiwa Kibera aliingia kwa njia iliyofungwa, kwa ufunguo uliokaa kwenye laptop aliyotembea nayo. Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilitaka kuona kazi yake kwa simu yangu nikiwa nimelala. Akakataa, nikanuna, mwishowe akaifungulia waifai ya ploti, tunayotumia wapangaji wote, na kuniwekea kiungo cha kubonyeza.

Halafu stima ikapotea, ikarudi, kompyuta ikajiwasha upya. Akanipigia.

"Baba, hebu piga picha hiyo token iko kwa screen, unitumie."

Kwenye ploti yetu token ni ya stima, zile nambari za kulipia mita. Anayenunua huitupa kwa grupu ya wapangaji kwenye simu, na aliye karibu na mita huibonyeza. Nilidhani ametununulia. Nikapiga picha, nikaituma kwa grupu, nikaiacha simu kwenye chaja.

Jioni, kwa foleni ya maji, jirani wa chumba cha pembeni alinisalimia.

"Niaje mzee. Token yako mita imekataa. Iko na herufi."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu kwa simu. Siku hizi simu inasoma picha yenyewe. Ikaona kiungo kwa hiyo picha, ikafungua. Kumbe buda unaweka siri za wamama wa Laini Saba?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu sikuwa nimeelewa.

"Huyo msimamizi wanayemsema ni mtu wa kwetu," akaongeza. "Nimemtumia ajisomee."

Binti yangu alikuja usiku huohuo. Hakupaza sauti. Aliifunga kompyuta isisikilize waifai tena, akaweka nywila ndefu mahali pa ile token, ambayo kumbe ilikuwa ufunguo wa daftari lake, na kiungo changu kikafa.

"Nilifaa kukuambia ni ya nini," alisema.

"Nami nilifaa kukuuliza."

Nilimchemshia chai, ikapoa.

Baada ya wiki hiyo mama mmoja kati ya wale alifungiwa chumba na yule msimamizi, vyombo vyake vikawekwa nje kando ya reli. Nilimwambia binti yangu nitaenda kumwomba msamaha. Akasema, "Utamwambia nini, baba?" Nikavaa viatu, nikaenda.

Nilimkuta yule mama akikaanga mandazi mbele ya kibanda cha dada yake. Nilijitambulisha, nikamweleza kosa lilikuwa langu, kuanzia kununa kwangu hadi ile picha. Alisikiliza huku akigeuza mandazi. Sikuona hasira usoni pake. Afadhali ningeiona.

"Yule msichana alitusikiliza vizuri," alisema. "Lakini mwambie asirudi. Wenzangu wamesema hivyo pia."

Nilirudi Kawangware kwa miguu. Binti yangu alikuwa mbele ya kompyuta, ukurasa umefunguka, hakuna alichokuwa akiandika. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa. Aliitikia kwa kichwa, akaanza kuyafuta majina, moja baada ya lingine, nami nikakaa kitandani nikimwangalia mgongo.