Mholanzi wa Darasa la Saba

Somo la Waholanzi wa kwanza kule Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, lilipofika, mwalimu wetu wa historia alijitanda kitenge cha mkewe mabegani, akabana pua, akatangaza kwamba meli yake imetia nanga na anaomba kijisehemu tu cha kupanda kabichi za mabaharia. Sisi tulikuwa Wakhoikhoi, wenye ng'ombe na malisho. Alichora mstari wa chaki sakafuni, yeye huku, sisi kule, akajifanya anatugawia shanga na kuswaga ng'ombe wetu, kisha akaanza kutuuliza habari za nyumbani kwa upole wa padri. Kila tulipocheka, soli ya kiatu chake ilifuta mstari, na vidole vyake virefu vikauchora tena, karibu zaidi nasi. Tulipokwisha kubanana ukutani alifoka kwa sauti yake halisi: "Mmetoa ng'ombe kwa shanga! Hamna akili?"

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kuingia kwetu Mbinga, na gari la mmoja wao lilipiga honi nje katikati ya somo hilo. Mwalimu, mwenye shamba la mibuni, alitoka mbio na kitenge chake. Alirudi na kofia nyekundu ya kampuni kichwani, meno yote nje. "Kahawa yangu yote nimemwahidi huyu bwana. Mtu mwema, kofia ametoa bure!"

Alikuta mstari wa chaki umehamia mlangoni, mbele ya viatu vyake. Upande wa pili alisimama Avelina, mpole kuliko wote darasani, amebana pua.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumekuja kupanda kabichi tu."