Sauti ya Pili

Ndugu yangu mdogo alikuwa na sauti ambayo watu wakiisikia hugeuza kichwa. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa ya kukaa chini ya nyingine, na nilijifunza kuikalisha huko kwa utaratibu, kwa kitabu cha nyimbo za kanisa chenye do-re-mi juu ya maneno. Wenzangu wa kwaya waliimba kwa kuigana, mimi nilisoma. Kisha nikachukua nyimbo za kantri tulizozisikia redioni, zile za treni na mapenzi yaliyoharibika, nikazitungia sauti ya pili. Baadaye tukatunga zetu kwa Kikuyu. Yeye alileta maneno na gita, mimi nikaleta ile sauti ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Naro Moru, tulijulikana katika mabaa kama ndugu wawili wa kofia. Kofia zenyewe zilikuwa za mtumba.

Siku za kazi nilitengeneza redio katika kibanda mjini Nyeri. Muziki haukutosha kutulisha, na mmoja wetu alipaswa kuwa na shughuli nyingine. Nilikubali niwe mimi.

Siku moja aliniomba nimfundishe sehemu yangu. "Nikipotea katikati, nijue uko wapi," alisema. Niliona ni ombi la mtu makini. Tulikaa nyuma ya jiko la mama, nikamfundisha mstari kwa mstari, nikimrudisha kila alipoteleza kwenye sauti yake mwenyewe. Alipoweza nilimsifu. Kisha akaenda Nairobi. Alisema anakwenda kuulizia studio, tukipata nafasi twende kurekodi pamoja.

Alikuwa bado huko Nairobi wakati mama mmoja muuza viazi aliponiletea redio yake ya kaseti. Ilikuwa inakula kanda. Nilisafisha kichwa cha kusomea kanda, nikairudisha ile kanda kwa biro, nikaijaribu. Ulikuwa wimbo wetu.

Sauti ya pili ilipoingia, nilidhani kuna mtu aliyeturekodi baa bila sisi kujua. Kisha nikasikia pumzi. Sauti zote mbili zilivuta hewa mahali pamoja, kabla ya neno lile lile. Mimi huchelewa kidogo kuvuta, kusudi wimbo usiwe na shimo. Hapa shimo lilikuwepo. Alikuwa ameimba zote mbili, moja juu ya nyingine.

"Hawa ndugu wanajua kuimba," yule mama alisema. "Hiyo ya chini ndiyo hunilizanga."

"Ni mtu mmoja, mama."

"Ati mmoja? Si ni wawili, sikiza! Kama masikio yako iko hivyo, redio yangu itapona kweli?"

Ndugu yangu alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata, na viatu vipya. Nilimuuliza mbele ya mama yetu.

"Ilikuwa haraka," alisema. "Mwenye studio alisema ni leo au basi. Ningekutoa wapi? Wewe uko na redio za watu."

"Ungemwambia huwezi."

"Sauti ni ya nyumba hii. Mimi na wewe, ni nani amemwibia nani?"

Mama alimwongezea chai na kuniambia nisimkasirishe mtoto. Yeye akacheka, akanishika bega. Mwezi ule angeimba Othaya, Jumamosi mchana, katika uwanja wa hoteli. "Kuja. Nitakuita mbele ya watu, tuimbe kama zamani. Wajue ni nani."

Nilikwenda. Nilifunga kibanda, nikapiga shati pasi, nikakaa meza ya karibu ili nisichelewe nikiitwa. Aliniona, aliinua kofia. Aliimba wimbo wa kwanza, wa pili, akamshukuru mwenye hoteli, akawashukuru watu wa Murang'a waliosafiri. Mimi hakunitaja. Kisha akaanza wimbo wetu, nami nikasukuma kiti nyuma.

Alipofika kwenye kiitikio aliwaelekezea watu kipaza sauti. "Ya chini ni yenu!" alisema. Wakaimba. Wauza chai, walimu, akina mama wa soko, wote waliijua sehemu yangu kutoka kwenye kanda, na wote walivuta hewa pale alipovuta yeye.

Nilijiunga nao, kwa namna yangu, bila shimo. Kijana wa meza yangu aligeuka.

"Mzee, ngoja wenzako," alisema. "Unaharibu wimbo ya watu."

Nilinyamaza. Ndugu yangu alikuwa amefumba macho, anatabasamu, akiwasikiliza. Nilirudisha kiti mahali pake na kwenda barabarani kungoja gari la Nyeri. Hadi nilipolipata walikuwa bado wanaimba.