Ngoma Iliyokata Kona Kulia

Fanfari ya kanisa letu la Butembo, bendi ya tarumbeta na ngoma, iliacha fainali ya mashindano katikati. Ilitoka uwanjani huku ikipiga, tarumbeta juu, matoazi yakimeta, ikaenda, Beni yote ikiona, kumzika mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Haikurudi. Mpaka leo majaji hawajasema kama tulishinda au tulishindwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu noti ya kwanza, na nimeona heri niyapange mambo kwa utaratibu, maana kila anayeyasimulia mjini anaanzia makaburini.

Mimi naanzia sebuleni kwa mjomba wangu.

Mjomba, noko kama tunavyosema kwetu, ndiye anayepiga ngoma kubwa ya fanfari. Ameibeba tangu mimi ni mtoto. Ngoma ile hukaa tumboni, ikishikwa na mikanda miwili inayopita mabegani, na kwa kuwa Butembo ni mji wa kupanda na kushuka, mjomba amezoea kutembea ameegemea nyuma hata siku ambazo hana ngoma. Ukimwona anatoka sokoni na mfuko wa vitunguu, utadhani mfuko ndio unaomvuta. Ngoma inalala kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa. Wageni wakizidi nafasi, ni wageni wanaosogea.

Mke wake alivumilia muda mrefu. Kisha mgongo wa mjomba ukaanza kulia, na usiku akigeuka kitandani nyumba nzima inajua. Ndipo, Jumapili moja baada ya ibada, wazee wa kanisa wakiwa wamekuja kumtazama, mke wake aliwangoja wamalize chai, akasema:

"Baba batoto, niko naomba kitu moja mbele ya hawa bazee. Siku kombe ya Beni itaingia mu hii nyumba, ngoma itatoka."

Mjomba alicheka. "Ni hiyo tu? Sawa. Kombe ikiingia, ngoma inatoka."

"Bazee, mumesikia?"

Wazee walisikia. Mjomba alikubali haraka vile kwa sababu alijua hesabu ya mashindano. Kila mwaka fanfari za Butembo na Beni hukutana, kombe hukaa nyumbani kwa mpiga ngoma kubwa wa walioshinda, na kila mwaka tulikuwa wa pili nyuma ya fanfari ya Beu, mtaa wa Beni. Kuahidi kuacha ngoma siku ya kombe kulikuwa sawa na kuahidi kuacha fufu, ugali wetu wa muhogo, siku kuku ataota meno.

Hapa niseme ninavyoziona fanfari, maana mashabiki wengi hutazama visivyo na maana. Watoto wanapenda tarumbeta. Vijana wanakuja kwa ajili ya wasichana wa mbele wanaorusha vijiti. Majaji, nasema bila woga, wanadanganywa na vifungo vya koti. Fanfari yenye vifungo vya dhahabu inaanza na alama ambazo haijazipigia. Lakini fanfari inashinda kwa miguu, na miguu ni mali ya ngoma kubwa. Tarumbeta ikikosea, ni mtu mmoja amekosea. Ngoma kubwa ikikosea, watu wote wanaanguka kwenye shimo moja.

Mengine ni tabia ya nchi. Beu ni tambarare, kuna joto, kwa hiyo watu wa kule wanapiga haraka, kama wenye maji jikoni yanayochemka. Sisi wa milimani tunapiga taratibu, kila hatua kama ya mtu anayepanda na gunia. Wapiga trombone wetu wawili wanatoka Masereka, kwenye baridi na viazi, na mapafu yao ni ya kutisha; wakipumua pamoja, mbele yao mapazia yanacheza. Tatizo letu ni makoti. Yameshonwa kwa baridi ya Butembo. Tukifika Beni, kufikia mzunguko wa pili fanfari yetu inaiva.

Na kuna kiongozi wa fimbo, mwalimu wa hesabu, mrefu, ambaye hutangulia akizungusha fimbo yake yenye kichwa cha shaba. Ni mzuri kumtazama. Lakini hageuki nyuma kamwe. Anasema anayegeuka nyuma anaonyesha mashaka. Kwa hiyo katika mazoezi mjomba huwafundisha wapigaji wapya jambo moja tu, tena kwa sauti ya kukataza: "Usifuate fimbo. Fimbo ni ya macho. Fuata ngoma!"

Jambo la mwisho ambalo mgeni lazima alijue ni kwamba mashindano ni siku moja kwa mwaka. Siku nyingine, fanfari inazika. Katika miaka ambayo nchi yetu imezika sana, hawa watu wamepiga makaburini kuliko kanisani. Jeneza likipita, ngoma kubwa inashika nafasi yake nyuma yake, wengine wanajipanga, wimbo unaanza. Hakuna anayetoa amri. Miguu inajua.

Basi mwaka huu, wapiga tarumbeta wawili wazuri wa Beu walikwenda kusoma Kampala. Habari ilifika Butembo kabla hata wao hawajafika Kampala. Mtaani watu walianza kumpongeza mjomba mapema. "Noko, mwaka huu kombe ni yetu!" Yeye anajibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jino litang'olewa.

Mke wake hakungoja kuona. Alipima ile kona ya sebule kwa kamba, akaenda kwa seremala, akaagiza kabati la vioo. Lilikuja wiki ya mashindano. Likawekwa barazani, chini ya turubai, likingoja kona yake. Kadiri fanfari ilivyozidi kupiga vizuri mazoezini, ndivyo mjomba alivyozidi kukonda. Mikanda ya ngoma ilibidi kuongezwa tundu.

Siku yenyewe tulikwenda Beni kwa Fuso, wapigaji na mashabiki pamoja, tukafika tumekuwa wa rangi moja kwa vumbi. Mjomba alishuka wa kwanza. Alisema vumbi limemkaa kooni, akaenda kutafuta chai. Sikulitilia maanani. Nani asingetaka chai?

Uwanja uko Beu, kando ya barabara. Hauna ukuta, una miti ya kuzungushia, na kwenye kona moja miti ile imeacha nafasi ya kutokea barabarani. Nilikaa karibu na kona hiyo kwa sababu kulikuwa na kivuli. Pembeni yangu alikaa baba mmoja mkulima wa kakao kutoka upande wa Mabalako, shabiki wa Beu wa kufa, ambaye kila mwaka tunatukanana kwa heshima.

"Mama ya Butembo, umeleta kitambaa ya kupanguza machozi?"

"Nimekuletea weye, papa. Nasikia tarumbeta zenu ziko Kampala."

"Tarumbeta zimeenda. Miguu imebaki!"

Beu walipiga kwanza. Niseme haki: walitembea vizuri, lakini kwenye nafasi ya tarumbeta wawili kulisikika tundu, kama mdomo uliokosa meno ya mbele. Mkulima wa kakao alitazama ardhi. Alinyoosha mguu, akaukunja.

"Iko joto," akasema.

"Sana," nikasema.

Kisha wetu wakaingia. Sijawahi kuwasikia hivyo. Watu wa Masereka walipumua, miti ya uwanja ikatikisika, au labda ni moyo wangu. Ngoma ya mjomba ilikuwa nzito na sawa. Mzunguko wa kwanza ukaisha, watu wa Beni wenyewe wakipiga makofi. Mwenyekiti wa majaji, mwanajeshi wa zamani aliyewahi kupiga muziki wa jeshi, alikuwa akitembea kandokando yao na filimbi shingoni, anatingisha kichwa. Ni sheria ya mashindano yetu: jaji mkuu hufuata fanfari kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, ili asikie kila mtu. Nikajisemea: kabati limepata mahali.

Walikuwa wanakaribia kona yetu katika mzunguko wa pili ndipo nyimbo zikasikika barabarani. Mazishi yalikuwa yanapita. Jeneza mabegani, wanawake nyuma, wimbo ambao sisi Waprotestanti na Wakatoliki tunauimba sawasawa ila kwa maneno tofauti. Kona hiyo fanfari inatakiwa kukata kushoto, kurudi mbele ya majaji. Kiongozi wa fimbo akakata kushoto.

Ngoma kubwa ikakata kulia.

Walifuata ngoma, kama walivyofundishwa. Keskleri, zile ngoma ndogo za vijiti, matoazi, trombone, wote wakapita kwenye nafasi ya miti mbele ya miguu yangu, wakashika nafasi nyuma ya jeneza, na bila kukatika hata pigo moja wimbo wa mashindano ukageuka wimbo wa kuaga. Sijasikia mgeuko mzuri kama ule.

"Banaenda wapi bale?" mkulima wa kakao alisimama. "Batu benu banakimbia!"

"Hapana kimbia. Banazika."

"Banazika nani?"

"Hapana jua!"

Uwanjani, kiongozi wa fimbo alikuwa anaendelea peke yake. Alivuka uwanja wote akizungusha fimbo, akafika mbele ya meza ya majaji, akapiga mguu, akainama, akangoja makofi. Palikuwa kimya. Akageuka nyuma kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya fanfari. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi.

Mwenyekiti wa majaji alisita kidogo pale kwenye miti. Lakini noti ya mwisho ilikuwa haijapigwa, na yeye ni mtu wa sheria. Akatoka, akafuata. Watazamaji walipoona jaji anakwenda, nao wakaenda. Mkulima wa kakao akanishika mkono tuvuke mfereji. "Fainali iko kule," alisema, "tutabaki hapa na nani?"

Marehemu alikuwa bibi mzee, Mkatoliki, aliyekufa kwa uzee wake kitandani pake, jambo ambalo watu wa Beni walikuwa wanalisemea kama baraka. Familia haikushangaa kuona fanfari. Upande wa mume ulidhani upande wa mke umeileta. Upande wa mke ulidhani ni upande wa mume. Walikuwa wakitazamana kwa shukrani, na kwa wivu kidogo. Katekista, kwa kuona makoti yetu ya Kiprotestanti, alimwangalia mwana wa marehemu. Mwana akainua mabega. Tukaimba. Mjomba alipiga mapigo ya mwisho polepole, akaweka mkono juu ya ngozi ya ngoma kuinyamazisha, na kule makaburini watu waliokuja kuangalia mashindano walikuwa wanalia kweli.

Mwana wa marehemu alikuja kumshika mjomba mikono miwili. "Wasingya, papa. Wasingya," akashukuru kwa Kinande. "Nani alibatuma?"

"Hapana mutu alitutuma," mjomba akasema. "Tulipita tu."

Na hapo hapakuwa na njia ya kurudi uwanjani. Kwetu, aliyesindikiza maiti hapiti kando akarudi kwenye shughuli zake. Anakwenda kwa wafiwa, ananawa mikono, anakula kidogo. Fanfari yote ikanawa. Mashabiki wa pande zote mbili wakanawa. Mwenyekiti wa majaji akanawa, akakaa kwenye benchi, akala fufu na maharage, filimbi ikigonga sahani. Kiongozi wa fimbo alifika wakati huo, jasho tupu.

"Noko! Juu ya nini uligeuka?"

"Mimi sikugeuka," mjomba alisema, akimega fufu. "Ni miguu iligeuka."

"Miguu ni ya nani?"

"Mwalimu, nawa kwanza."

Tangu siku hiyo ni mabishano. Watu wa Beu wanasema anayetoka uwanjani ameshindwa, hakuna cha kujadili. Wetu wanasema sheria inazungumzia noti, haizungumzii miti: noti ya mwisho ilipigwa makaburini, jaji mkuu alikuwepo, na ilikuwa safi. Mkulima wa kakao amenipigia simu kuniambia kwamba sisi ni wakimbizi wa fainali, kisha akauliza kama mtu wa Masereka angeweza kupiga kwenye harusi ya binti yake. Majaji wengine wawili wanakataa kutoa alama kwa mazishi. Wanasema ni dhambi, na pia hakuna mahali pake kwenye karatasi. Kombe liko nyumbani kwa mwenyekiti, na nasikia mke wake anahifadhi vijiko ndani yake.

Kwa hiyo kombe halijaingia nyumbani kwa mjomba, na ngoma haijatoka. Kabati liko barazani chini ya turubai. Mke wa mjomba hupita katikati ya hivyo viwili kila asubuhi na ndoo ya maji. Mgongo bado unalia usiku. Lakini mjomba ameanza kunenepa.

"Ulifanya makusudi," mke wake anamwambia.

"Mama, mutu anaweza kupanga kifo ya mutu?"

Swali hilo lilimrudisha kwenye ndoo yake, na mimi pia lilinitosha. Mpaka niliporudi Beu kununua mafuta ya mawese. Nilichoka na jua, nikaingia kwa mama anayeuza chai karibu na soko, na kwa vile dirisha lake linatazama nyumba ile ile tuliyonawa mikono, tukazungumza juu ya fanfari. Alicheka sana. Mzee wa ngoma anamkumbuka, akasema, yule anayesimama ameegemea nyuma. Asubuhi ile alikunywa chai pale, akawatazama watu wa kilio waliokaa mbele ya nyumba, akamuuliza jeneza litatoka saa ngapi na litashika barabara gani.

Jina la marehemu hakuliuliza.